Nilivyomchorea Mdogo Wangu Mji

Mara ya mwisho mdogo wangu wa kike kuteremka ngazi za nyumba yetu kwa miguu yake mwenyewe ni pale alipokuwa akimaliza kidato cha nne. Twakaa Mji wa Kale, ghorofa ya pili, katika nyumba ya mawe yenye ngazi nyembamba zilizosimama wima, hata mwenye afya yake huzishuka ameshika ukuta. Yeye alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu unaomjia mtu kwa vipindi, ukamuuma viungo kana kwamba vyavunjwa, kisha ukamwacha apumzike. Vipindi hivyo tulikuwa tushavizoea. Lakini mwaka ule nyonga yake ilianza kulika, na daktari akatwambia haitarudi kama zamani. Tangu hapo, kila ilipolazimu aende hospitali, baba na jirani walimteremsha kwenye kiti, na kila penye kona ya ngazi alilia. Hospitali ikawa ndiyo safari yake ya pekee. Siku nyingine zote alikuwa juu.

Mama alitutoka tungali wadogo. Nyumbani tulikuwa watatu: baba, aliyekuwa akisomesha Kurani katika chuo chake uchochoro wa nyuma, mimi, mwalimu wa chekechea Majengo, na yeye. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja lililotazamana na ukuta wa jirani, karibu sana, ukinyoosha mkono waugusa. Ukuta ule ulikuwa na ufa, na ndani ya ufa palikuwa pameota kimche ambacho hakuna aliyekipanda. Alikijua jani kwa jani.

Nikirudi kazini, swali lake la kwanza lilikuwa nimepita wapi. Ya darasani hakuyajali sana. Alitaka njia: kama nilikata sokoni Marikiti au nilizunguka, kama lile duka la cherehani bado liko, kama uchochoro wa nyuma ya skuli yake ya zamani ungali unanuka. Nikaanza kumpigia picha kwa simu. Alizitazama kwa kidole, moja baada ya nyingine, akanirudishia simu.

"Hizi umezipiga ukipita, dada," akaniambia. "Mimi nataka mtu akae pale. Akae kwa niaba yangu."

Kuchora nilikujua tangu utotoni, japo sikusomeshwa na mtu. Nilipokuwa mdogo nilichora paka kwa makaa kwenye ukuta wa chuo cha baba. Hakunipiga wala hakunikemea. Alilowesha kitambaa, akamfuta paka yule taratibu, kisha akanikalisha chini akanieleza kwamba chenye roho tumwachie Mwenye kukiumba, lakini nyumba, miti, bahari na mawe ni vyangu, nichore nitakavyo. Nilikubali, na sikuwahi kuona kuwa nimenyimwa kitu. Nilikua nikichora milango na mabati, na kila aliyeziona picha zangu alisema zimetulia.

Basi nikanunua karatasi za manila na rangi za maji zile wanazotumia watoto, na wiki iliyofuata, baada ya kuwatoa wanafunzi adhuhuri, nikapindua kreti la soda mbele ya nyumba moja Majengo nikakaa. Ilikuwa nyumba kama nyingine zote pale. Mbele ilijengwa kwa matofali, nyuma ilikuwa bado ya udongo na miti. Lipu imebanduka chini, mabati yameliwa na kutu, na mlango umepakwa rangi ya kijani nusu yake, kama kwamba rangi iliisha kabla ya kazi. Nilikaa mpaka jua likahama upande wa pili wa barabara. Jioni nilimpa picha, akaiweka mapajani, akaitazama muda mrefu.

"Watu wako wapi?" akauliza.

Nikamwambia anajua sababu. Akasema anaijua, lakini watu walikuwepo au hawakuwepo? Nikamjibu walikuwepo. Basi, akasema, nimwambie. Akafumba macho. Nikaanza kumweleza nikimwonyesha kwa kidole, ijapokuwa macho ameyafumba: hapa barazani palikuwa na mzee anashona kiatu chake mwenyewe, hapa mlangoni alitoka mwanamke na beseni la nguo, akamwaga maji, akarudi ndani bila kuangalia, hapa kwenye nguzo aliegemea mtu wa mkokoteni akala ndizi. Nilipomaliza akafumbua macho, akaitazama picha tena kama kwamba sasa imejaa.

Ndivyo tulivyoanza, na tuliendelea hivyo kwa miaka. Yeye ndiye aliyekuwa akichagua mahali. Ngome hakuitaka, wala zile pembe za ndovu za barabara kuu. Alisema hizo kila mtu ashamletea. Alitaka mfereji wa maji ulio njia panda, ukuta wa nyuma wa skuli, kibanda cha makaa, ile nyumba isiyo na paa karibu na Makadara ambayo tukiwa wadogo tulikuwa tukiipita mbio. Alitaka vitu ambavyo mimi nilivipita kila siku bila kuvitia maanani, na kwa sababu yake nilianza kuviona. Nilijifunza kwamba kutu ina rangi nyingi, na kwamba ukuta uliopakwa chokaa mwaka hadi mwaka, jua la asubuhi likiupiga, una rangi ya maziwa yaliyolala.

Watu wa Majengo hawakunielewa mwanzoni. Siku moja nilikuwa nachora nyumba iliyo pembeni mwa msikiti mdogo, na mama mmoja aliyekuwa akikaanga viazi karai barazani akaja akasimama mbele yangu, mwiko mkononi. Aliniuliza nani amenituma. Akasema siku hizi akionekana mtu na karatasi mbele ya nyumba, haupiti muda nyumba ile haipo. Nikamwamkia, nikamweleza habari za mdogo wangu, kwamba hawezi kushuka ngazi na ndiye aliyeniagiza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainamia karatasi yangu.

"Na mimi mbona sipo?" akauliza. "Nyumba hii mwenyewe haji hata kwa mwezi. Mimi ndiye niliye hapa kila siku."

Nikamweleza na hilo pia, la chenye roho. Akatafakari, akasema kama ni hivyo nichore karai lake, karai halina roho. Nikalichora, na jiko lake, na ndoo ya unga wa dengu. Nilipokuwa naondoka alinifungia viazi vya moto na pilipili ya ukwaju, akasema nimpelekee mgonjwa. Mdogo wangu alivila vyote huku ameitazama picha, vidole vimejaa mafuta, akasema picha zangu nyingine zote hazina maana, hii ndiyo ya kwanza yenye ladha. Baba, aliyekuwa mlangoni akimsikiliza, alicheka mpaka akaondoa miwani.

Baba alizipenda zile picha. Hakusema hivyo, lakini alizibandika mwenyewe kwenye ukuta wa chumba, akipanda juu ya kigoda, na akizipanga kwa mpango wake: za Majengo upande wa mlango, za Mji wa Kale juu ya kitanda. Mdogo wangu alikuwa akimwongoza. Hiyo pandisha kidogo, baba. Hiyo imelala upande.

Kisha akaniagiza Buxton. Rafiki yake mkubwa wa skuli alikuwa akikaa kule, katika nyumba za zamani za baraza la mji, na wawili wale walikuwa wakifanyia kazi zao za skuli kwenye ngazi za nje. Alizikumbuka vizuri ngazi zile: zilikuwa fupi, alisema, za saruji, na mtu yeyote angeweza kuzipanda. Alitaka kuziona. Nilijua kwamba kule kumebadilika, kila mtu mjini alijua, lakini nadhani sote wawili tulikuwa hatujalitia akilini. Nilipofika nilikuta uzio wa mabati mapya, na nyuma yake majumba marefu yamepanda, mengine tayari yana mapazia madirishani. Zile nyumba za chini hazikuwepo. Nilizunguka nikitafuta walau ukuta mmoja uliosahaulika, nisiupate. Mlinzi akaniuliza natafuta nyumba ya nani, nikamshukuru nikavuka.

Nilikaa ng'ambo ya barabara nikachora kile kilichokuwepo: mabati, na juu yake majumba. Jioni sikumficha. Nilimpa picha nikamwambia ndivyo palivyo sasa. Aliishika kwa mikono miwili. Sikusikia swali la watu wako wapi. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kwa hivyo hata akipona leo hataijua njia. Kisha akaiweka chini, akageukia dirishani kwenye ule ukuta wake. Picha ile haikubandikwa. Siku chache zilizofuata hakuniagiza popote, na mimi nilirudi kazini moja kwa moja bila kutua, nikampikia uji wa mchele kwa nazi ambao alikuwa akiupenda tangu mdogo. Ilikuwa ni yeye aliyevunja kimya, asubuhi moja, akiniambia nimletee kile choo cha umma cha karibu na soko, kwa sababu nacho lazima kiko njiani kuvunjwa.

Mwaka jana, wakati wa mvua za masika, kilimjia kipindi cha kifua. Hakikuwa kama vile vya viungo. Alipumua kama mtu aliyepanda ngazi nyingi. Tulimteremsha kwenye kiti, na safari ile hakulia penye kona, jambo ambalo lilinitisha kuliko kilio. Hospitali walimpokea vizuri, wakamtia oksijeni, wakamwongeza damu. Nililala kwenye kiti kando yake, na baba alikuwa akija kila baada ya sala ya asubuhi na kukaa mpaka alasiri.

Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha, lakini dirisha lilikuwa juu, na yeye alikuwa amelala, asione ila mbingu. Siku ya nne au ya tano alionekana ana nafuu. Alikunywa chai, akanywa tena. Akaniuliza nje kuna nini. Nikasimama nikamwambia kuna uwanja wa magari, na tangi la maji juu ya minara ya chuma, na chini ya tangi pamelowa, pana majani.

"Kachore," akasema.

Nikamwambia nitachora kesho. Akasema baba yupo, niende, nisikae hapo kumhesabia pumzi. Baba akanikonyeza kwamba niende. Nikachukua mfuko wangu nikashuka.

Nilikaa kwenye ukingo wa saruji nikachora lile tangi. Lilikuwa limepakwa rangi ya buluu zamani, likivuja pembeni, na pale linapovuja palikuwa na mstari mrefu wa ukungu wa kijani. Kunguru alitua juu yake akaruka. Nilikumbuka kumweka kichwani nije kumsimulia. Nilikuwa nimemaliza minara na nusu ya tangi, nainua macho, namwona baba amesimama kwenye mlango wa wodi, hana kofia. Baba hatoki nje bila kofia. Nikajua. Alikuja mpaka nilipo, akakaa kwenye ukingo kando yangu, akasema mdogo wangu alikuwa anazungumza naye, akiuliza nitarudi na nini, kisha akanyamaza.

Tulimrudisha nyumbani, akazikwa siku ile ile kabla ya magharibi. Nilimwosha pamoja na wanawake wa mtaa. Wanaume walimchukua, na mara hii aliteremka ngazi amelazwa, wakimgeuza kwa uangalifu penye kona, na mimi nilibaki juu, kwa kuwa kwetu wanawake hatuendi kuzika. Nyumba ilijaa watu, ikanuka udi na kahawa. Wanawake waliingia chumbani kwake wakazitazama picha ukutani, wengine wakasema hapa ni kwetu, hapa ni kwa shangazi, hapa pashavunjwa.

Baada ya matanga, watu wakarudi makwao, tukabaki sisi wawili. Baba alirudi chuoni, lakini aliwatoa watoto mapema. Alasiri moja alinikuta jikoni nachambua mchele. Akavuta kigoda akakaa. Akatoa mfukoni kitambulisho cha mdogo wangu, akakiweka juu ya meza baina yetu. Picha yake mle ndani ilikuwa ya mtu aliyeshtuliwa, macho yamekodoka, midomo imebanwa. Picha zingine alizokuwa nazo zilikuwa chache, za harusini kwa watu kabla hajaugua nyonga, amepakwa podari mpaka hajulikani. Yeye mwenyewe hakupenda kupigwa picha. Kila mtu alipoinua simu, aliinua kiganja.

"Huyu si yeye," baba akasema.

Nikasema ndio, si yeye.

Akaipapasa ile kadi kwa kidole gumba. Kisha akasema anajua vizuri alichonifunza, na hajabadili neno, na Mola amsamehe kwa atakachosema.

"Wewe wajua kuchora. Nichoree uso wake. Vile alivyokuwa akicheka. Nitautazama peke yangu, simwonyeshi mtu."

Nilitia mchele kwenye maji. Nilikuwa namwogopea yeye, mtu aliyeishi maisha yake yote kwa neno moja, namwona leo ananiomba kinyume chake kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba maji. Lakini kulikuwa na jambo jingine zaidi ya hilo, nalo nililijua tangu alipofungua kinywa.

Hata hivyo nilijaribu. Kwa siku nyingi, baba akiwa chuoni, nilikaa chumbani kwa mdogo wangu na makaa na karatasi. Nilijua rangi ya ngozi yake, nilijua alama ya moto shavuni aliyoipata kwa chai. Lakini mkono wangu haukujua jicho linavyokaa chini ya nyusi, wala pua inavyoshuka. Nilichora duara, nikachora macho, na kila mara alitoka mtu mwingine, mwanamke fulani nisiyemfahamu, ananitazama. Nilipojaribu kicheko kilitoka kama maumivu. Na nilipofumba macho nimkumbuke, nilikuta kwamba jioni zile zote nilipokuwa namsimulia, macho yangu yalikuwa kwenye picha, kwenye kidole changu, kwenye kuta. Yeye alikuwa pale, kando, sauti na joto la mtu. Kuta nazikumbuka zote.

Karatasi zile nilizichoma kwenye jiko la makaa. Nilimwendea baba barazani nikamwambia siwezi.

"Kwa sababu ya yale niliyokwambia?" akauliza.

"La, baba. Sijui tu. Mkono haujui nyuso."

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Nilidhani atasema ni yeye aliyenizuia, na nilikuwa nimejiandaa kumkataza asiseme hivyo. Hakusema. Alinishika mkono ule wenye masizi, akautazama, akaurudisha. Kesho yake alfajiri, kabla hajaenda msikitini, alinigongea mlango akaniomba radhi, akasema ule ulikuwa msiba ukisema, na tusilirejee tena. Hatukulirejea. Lakini kitambulisho alibaki nacho. Mara kwa mara nilipofua kanzu zake nilikitoa mfukoni, na nilipozianika nilikiweka juu ya mswala wake, naye alikichukua akakirudisha mfukoni.

Sikuchora tena. Nilipita Majengo na kurudi. Yule mama wa viazi aliniuliza mara moja mgonjwa anaendeleaje, nikamwambia, akazima jiko akakaa chini. Nilikaa naye. Hakunifungia viazi siku ile, alinishika tu goti.

Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, baba aliniambia nichukue rangi zangu tutoke. Nilimuuliza twenda wapi, akasema nimfuate. Tulichukua tuktuk mpaka Kikowani, kwenye makaburi. Aliniambia yeye ataingia kumsomea, na mimi nikae nje, ng'ambo, penye kivuli cha ukuta wa gereji, nichore.

"Nichore nini hapa?" nikamuuliza.

"Chochote ukionacho."

Akavuka barabara polepole, akaingia. Nilikaa na karatasi tupu. Mbele yangu palikuwa na ukuta mrefu wa makaburi, uliochafuliwa na moshi wa magari, umebandikwa matangazo ya mikutano iliyopita, chini yake maji machafu yakipita mferejini. Mtu hawezi kuona ndani. Nilianza kwa ukuta kwa kuwa ndio niliokuwa nao. Nikatia moshi, nikatia matangazo, nikatia lango la chuma na kofuli lake. Mkono ulikuwa mzito, na rangi zilikuwa zimekauka, ikanibidi nizitemee mate.

Baba alitoka jua limeanza kupoa. Kanzu yake ilikuwa na vumbi magotini. Akakaa kando yangu, akasubiri pumzi imrudie, kisha akaniambia, bila mimi kumuuliza. Alisema mdogo wangu amelala upande wa ukuta huu huu, si mbali na lango. Nyasi zimeota, laini, za mvua. Kijiwe cha kichwani kimelala kidogo, amekiinua. Kando yake pamezikwa mtoto, kaburi bado bichi, na mtu ameweka kikombe cha plastiki cha maji juu yake, haijulikani kwa nini. Kuna mpilipili mdogo umeota mwenyewe. Kuna kivuli mpaka saa nne, halafu jua.

Aliponyamaza nilikuwa nalia, nikijifuta kwa ncha ya mtandio ili maji yasidondokee karatasi. Alinionyesha kwa fimbo mahali penyewe kwenye ukuta, nyuma ya tangazo moja lililochanika. Nikaweka alama ndogo kwa penseli. Adhana ya alasiri ikaanza msikiti wa karibu, akainuka akajikung'uta, akaniambia nimalizie, atasali arudi anichukue.